Karatasi ya Fundi wa Nakivale

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kabazana, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, aliniletea bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Alitaka nimsaidie kuandika barua ya kuomba kazi. Ofisi moja ya umma upande wa Mbarara ilikuwa inatafuta mtu wa kuangalia kompyuta zake, na yeye kompyuta anazijua. Ndani ya bahasha mlikuwa na diploma ya serikali ya Congo, ya Kifaransa, aliyoipata Bukavu kabla ya kukimbia; cheti cha kozi ya miezi mitatu; na barua ya mistari miwili kutoka shirika alilolitumikia kwa miaka mitatu. Barua ilisema alikuwa mfanyakazi wa motisha, wale wanaolipwa posho, tunaowaita hapa "insentivu", kisha ikamtakia kila la heri.

Miaka mitatu hiyo naijua, kwa sababu nilimwona akiifanyia kazi. Alivuta waya wa mtandao kutoka ofisini hadi stoo, akapanda juu ya bati kufunga antena, akafufua kompyuta zilizokwisha kuandikiwa kutupwa, akawafundisha makarani kuweka nakala ya kazi zao kila Ijumaa. Usiku ambao umeme uliunguza mashine mbili, yeye ndiye aliyeokoa taarifa zilizokuwa ndani. Barua haikutaja hata moja kati ya hayo. Na tangazo la kazi lilitaka shahada ya kwanza ya heshima katika sayansi ya kompyuta.

Ninachodai ni jambo moja. Mtu aliyejifunza kazi ya kompyuta kazini, chini ya msimamizi anayejulikana, kisha akapimwa kwa vitendo na chombo cha serikali, apewe cheti ambacho serikali hiyo hiyo itakiheshimu inapotafuta mafundi wake, wilayani Isingiro na Mbarara. Apewe mzaliwa wa Isingiro, apewe na mkimbizi. Nimelisema hili vikaoni, nimelisema ndani ya taksi ya kwenda mjini, nimelisema mbele ya maofisa, na majibu ninayoyapata yamekuwa yale yale hata nimeyahifadhi. Mengine yametoka kwa watu ninaowaheshimu. Mawili yana ukweli ndani yake. Nayajibu hapa.

"Kompyuta za serikali ni kazi ya digrii."

Aliyeniambia hili kwa upole kuliko wote ni mzee mmoja aliyekaa serikalini miaka mingi. "Mwalimu," aliniambia, "vijana wako ni hodari, sibishi. Lakini serikali ni serikali." Nilimjibu, "Mzee, naomba tuitazame kazi yenyewe kwanza, halafu tutazame digrii."

Tuitazame. Tangu 2012 takwimu za afya za Uganda nzima, za vituo vya Nakivale zikiwemo, zinapitia DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. NITA-U, mamlaka ya teknolojia ya habari iliyoundwa kwa sheria ya 2009, imevuta mkongo wa taifa hadi Mbarara na kuuendeleza kuelekea mpaka wa Rwanda. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa UDAP wa kuharakisha huduma za kidijitali, na sehemu ya fedha hizo inalenga wilaya zinazohifadhi wakimbizi. Ni mambo makubwa. Lakini yote yanapofika mwisho wa safari yanaishia kwenye chumba kidogo chenye vumbi: kisanduku cha kugawa mtandao ukutani, kompyuta tatu, printa moja, na betri ya akiba isiyokaa na chaji.

Kinachoharibika ndani ya chumba hicho ni plagi iliyolegea, waya uliotafunwa na panya, flashi iliyoleta virusi kutoka duka la kuchapa, karani aliyesahau nywila. Kuna na hitilafu moja ninayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri ndogo kama sarafu inayoshikilia saa. Ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, na kila tovuti salama inakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo vinapimwa kwa tarehe. Asiyejua ataapa kwamba mtandao umekatika. Niliwahi kumwona mhitimu wa chuo, tena mwenye akili, akihangaika nayo nusu siku. Fundi aliyekwisha kukutana nayo aliibadilisha ile betri kwa dakika kumi. Simsemi yule mhitimu kwa ubaya. Darasani hakuna kipindi cha betri ya saa. Somo hilo hufundishwa na mashine ya kumi na moja uliyoifungua kwa mikono yako.

Digrii ina kazi yake. Anayebuni mfumo wa mishahara wa nchi nzima, au anayepanga ulinzi wa hifadhi ya taarifa za raia milioni kadhaa, anahitaji nadharia na hesabu, na mimi ningelala usingizi mzuri zaidi nikijua amevisoma. Tatizo ni kumtaka mtu wa chumba kile kidogo alete karatasi ya mtu wa kazi ile kubwa. Matokeo yake tunayaona: mwenye digrii anaajiriwa, anachoka na printa baada ya miezi sita, anahamia Kampala, na chumba kinabaki kikihudumiwa na kijana asiyeandikwa popote.

Na Afrika Mashariki ilikwisha kulijua hili zamani. Mwaka 1948 ilifunguliwa Mbagathi, nje ya Nairobi, shule ya kufundishia mafundi wa Posta na Simu wa eneo letu zima. Waliotoka pale waliunganisha nyaya na kutunza mitambo ya simu ya serikali, mawasiliano ya siri ya maofisa yakipita mikononi mwao, na kilichowapa kazi kilikuwa mafunzo ya ufundi, wala hawakuulizwa digrii. Shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Multimedia cha Kenya. Natamani wanaoandika matangazo ya kazi wakumbuke kwamba chuo kikuu hicho kilizaliwa na mafundi.

Mbali na kwetu, Ujerumani ilianzisha mwaka 1997 fani ya uanagenzi inayoitwa Fachinformatiker: miaka mitatu, sehemu kazini na sehemu shule ya ufundi, na mwishoni mtihani unaosimamiwa na chama cha biashara na viwanda. Mwenye cheti hicho anaajiriwa hata kwenye ofisi za umma, na hakuna anayemwona kama mtu aliyeingilia dirishani. Sisi wenye Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, maana lugha yetu imewaweka fundi, mwanafunzi na kufundisha ndani ya nyumba moja, chini ya mzizi mmoja.

"Hata Marekani waliondoa digrii, na hakuna kilichobadilika."

Hili hutoka kwa watu wanaosoma, na ni moja ya yale mawili yenye ukweli. Jimbo la Maryland liliondoa sharti la digrii kwa maelfu ya kazi zake Machi 2022. Pennsylvania ikafuata Januari 2023. Aprili 2024 Ikulu ya Marekani ilitangaza kwamba kundi lote la kazi za teknolojia ya habari katika serikali kuu, lenye wafanyakazi karibu 100,000, litaajiri kwa kupima ujuzi. Lakini Februari ya mwaka huo huo watafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard na taasisi ya Burning Glass walikuwa wamechapisha hesabu chungu: katika ajira za mwaka mzima za nchi ile, kuondolewa kwa sharti la digrii kulikuwa kumemfaidi mtu chini ya mmoja katika kila 700 walioajiriwa.

Nimeusoma utafiti huo kama onyo kwa upande wangu mwenyewe. Unaonyesha kwamba kufuta mstari kwenye tangazo hakutoshi. Mweke afisa utumishi mbele ya mafaili 200. Alikuwa na ungo wa kuchujia, mbovu lakini ungo, nao ni digrii. Ukimnyang'anya bila kumpa mwingine, atautumia ule wa zamani kimyakimya, kwa sababu Ijumaa anatakiwa apeleke majina kumi. Kwa hiyo anayesema "ondoeni tu digrii" hajamsaidia kijana wa Kabazana. Kinachohitajika ni kipimo kingine ambacho afisa huyo anaweza kukiamini bila kumjua mtu. Cheti cha uanagenzi kilichopimwa vizuri ndicho kipimo hicho. Waliokosea kule waliutupa ungo wakaacha mikono mitupu.

"Cheti cha ufundi? Nasser Road wanakuchapia kabla ya saa saba mchana."

Kila Mganda anaijua Nasser Road ya Kampala na mashine zake za kuchapa. Ni kweli, karatasi yoyote inachapika. Ila wanaotaja hatari hii husahau kwamba mashine inayochapa cheti cha fundi inachapa na cha shahada, na wino ni ule ule. Hofu ya kughushi ikiwa ndiyo sababu, basi tusiamini karatasi yoyote.

Nadhani jibu lenye manufaa ni kuuliza karatasi ipi ni ngumu kuidanganyia. Uganda tayari ilikuwa na wazo zuri hapa, na inanisikitisha jinsi lisivyojulikana makazini kwetu. Baada ya sheria ya elimu ya ufundi ya 2008, Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, ilianza kutoa hati iitwayo Worker's PAS kwa watu waliojifunza kazi nje ya shule. Mtahiniwa haulizwi alifika darasa la ngapi. Anapewa kazi, anaifanya mbele ya watahini, na hati inataja stadi alizozionyesha, moja moja. Fundi anaweza kupimwa hata kwa lugha ya kwao anayoielewa. Sheria mpya ya 2025 imeifuta ile ya 2008 na kuyaweka majukumu ya kutahini yaliyokuwa yametawanyika, ya DIT na ya bodi ya UBTEB, chini ya bodi moja, UVTAB. Tanzania nao, kupitia mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi, VETA, wanapima mafundi wa mitaani na kuwapa vyeti. Wao wameliita jambo hilo urasimishaji wa ujuzi, jina ninalolipenda kwa sababu linakiri kwamba ujuzi ulikuwepo kabla ya urasmi.

Kwa hiyo msingi upo. Juu yake ningeongeza vitu viwili. Cha kwanza ni daftari la kazi: kila mwanagenzi aandike siku, mashine, hitilafu, alichofanya na kilichotokea, na msimamizi atie sahihi kila wiki. Kurasa 150 za daftari la namna hiyo, zenye madoa ya mafuta na tarehe zinazolingana na kumbukumbu za ofisi, hakuna duka linaloweza kuzichapa kwa mchana mmoja. Cha pili ni usaili wenyewe. Wekeni mezani kompyuta iliyoharibiwa makusudi, mpeni mwombaji dakika 40 na bisibisi. Mwenye cheti cha kughushi atajulikana kabla chai haijapoa, na mwenye digrii ya kughushi vilevile.

Niseme neno la pembeni kuhusu lugha. Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Hapa Nakivale Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda wanaelewana kwa lugha hiyo hiyo. Fundi anayejua kuelezea hitilafu kwa Kiswahili safi asihesabiwe kuwa hajui kwa sababu hajui kuielezea kwa Kiingereza. Kiingereza cha kazi atakijifunza. Wengi wao wanakijifunza kila jioni.

"Basi wafanye mitihani ya kimataifa, ya Cisco na kadhalika."

Wafanye wanaoweza. Mtihani wa Cisco uitwao CCNA ni dola 300, na cheti chake kinaisha muda baada ya miaka mitatu. Mkimbizi anayelipwa posho ya insentivu, na mtoto wa mkulima wa ndizi wa Isingiro, wote wawili wataikusanya hela hiyo kwa muda mrefu kuliko uhai wa cheti. Mitihani hiyo ni mizuri na nimewatayarisha vijana kadhaa kwa ajili yake, lakini serikali isiifanye kampuni ya ng'ambo kuwa mlango pekee wa kuingia ofisi ya wilaya.

"Huwezi kumkabidhi mkimbizi nywila za serikali."

Hapa naomba tukae kidogo, maana dai hili limevaa koti la usalama na ndani limebeba tusi.

Februari 2018 maofisa waandamizi wa Ofisi ya Waziri Mkuu walisimamishwa kazi kwa tuhuma zilizohusu idadi ya wakimbizi na misaada yao. Tuhuma ni tuhuma, na sizileti hapa kumnyooshea mtu kidole. Ninachotaka tukione ni kilichofuata. Kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, waliwahakiki upya wakimbizi wote nchini, kwa alama za vidole na mboni za macho. Vitabu vilikuwa vinasema milioni 1.4. Waliopatikana walikuwa kama milioni 1.1. Mfumo wa zamani wa usajili ukawekwa kando, ukaja ule wa UNHCR wenye kupima maumbile ya mwili.

Tofauti ya watu laki tatu haikuletwa na kijana anayebadilisha waya. Nionavyo, ililetwa na mfumo uliomruhusu mtu kuandika bila mwingine kuhakiki. Uraia wa anayeshika kibodi hautibu ugonjwa huo. Unatibiwa na ngazi za ruhusa, na kumbukumbu inayoandika nani alifungua nini na saa ngapi, na kanuni kwamba mtu mmoja asiweze kuingiza jina na kuliidhinisha yeye mwenyewe. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019. Inambana kila anayeshika taarifa za mtu, awe na pasipoti gani. Tena mwanagenzi anayetengeneza printa hahitaji nywila ya hifadhi ya taarifa, kama vile anayeziba bomba la hospitali asivyohitaji faili la mgonjwa. Ofisi ambayo haiwezi kutenganisha hayo mawili ina hatari kubwa hata kama wafanyakazi wake wote ni wazaliwa wa kijiji kile kile.

Na nifikirie upande wetu. Kila mtu mzima wa Nakivale ameweka vidole vyake kwenye mashine ile na kuyatazamisha macho yake kwenye kamera. Baadhi yao walikimbia nchi ambamo orodha ya majina ilikuwa hukumu ya kifo. Nani mwenye sababu nzito kuliko wao ya kutaka orodha hii ilindwe?

"Sheria hairuhusu."

Hili ni la pili lenye ukweli, na ningekuwa mwongo nikilizunguka. Nafasi za kudumu za utumishi wa umma Uganda zinatolewa kwa raia. Kijana wa Kabazana, hata apate cheti cha dhahabu, hataajiriwa kesho na Tume ya Utumishi ya Wilaya kama ofisa wa kudumu. Wanaowapa wakimbizi matumaini kinyume cha hapo wanawaumiza.

Lakini tuisome sheria yote. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Wakimbizi ya 2006 kinampa mkimbizi haki ya kupata ajira, na kinampa haki ya kufanya taaluma yake ikiwa ana sifa zinazotambuliwa na mamlaka husika za Uganda. Sifa zinazotambuliwa: mlango wenyewe ni hapo. Bunge liliitoa haki, kisha likaifunga kwa utambuzi wa mamlaka. Pasipo chombo cha kutambua kile ambacho mikono inakijua, haki hiyo inabaki imelala kitabuni. Anayesema "sheria hairuhusu" ili kuupinga uanagenzi wenye cheti ameishika sheria kichwa chini, kwa sababu cheti hicho ndicho sheria inachokisubiri.

Kisha tuulize kazi za serikali zinafanywa na nani hasa. Nyingi za kompyuta hazifanywi na watumishi wa kudumu. Kampuni inashinda zabuni, inafunga mtandao, inatunza mashine kwa mkataba. Tangu 2016 zipo kanuni zinazozitaka kampuni za teknolojia zithibitishwe na NITA-U. Kampuni kama hiyo inaweza kumwajiri mkimbizi mwenye cheti. Mashirika yanayoendesha vituo vya afya na shule ndani ya makazi nayo yanaweza, badala ya kumweka kwenye insentivu miaka mitatu.

Ipo na njia ya uraia, ndefu na yenye miiba. Waliozaliwa Nakivale kwa wazazi wakimbizi hawapati uraia kwa sababu ya kuzaliwa hapa. Oktoba 2015 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mkimbizi anaweza kuomba uraia wa tajinisi, na sheria inadai ukaaji wa jumla ya miaka 20. Makazi haya yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo miaka 20 hapa si jambo la ajabu. Wapo waliokaa mara mbili ya hiyo. Na ipo njia ya kurudi. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi na Rwanda zimo tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja inazitaka nchi wanachama kutambuliana sifa za elimu na taaluma. Anayerudi Bukavu au Bujumbura na cheti cha serikali ya Uganda cha kutunza mitandao amerudi na kitu. Anayerudi na barua ya "kila la heri" amerudi na umri tu.

Mwisho wa hili: dai la sheria halimgusi hata kidogo kijana raia wa Kabingo au Rwekubo aliyejifunza kompyuta dukani kwa shangazi yake. Yeye ni Mganda. Kinachomzuia ni lile sharti la digrii peke yake. Wanaomtaja mkimbizi kila ninapoutaja uanagenzi wanamfungia nje na huyu, bila kujua.

"Mtawapora kazi vijana wa Isingiro."

Kijana huyo wa Isingiro nimemtaja hivi punde. Miradi ya wakimbizi Uganda inatengwa kwa uwiano unaojulikana, asilimia 30 ikienda kwa wenyeji, na darasa la uanagenzi likifuata uwiano huo, au nusu kwa nusu, litampa mwenyeji cheti ambacho leo hakipati kwa njia yoyote. Tena mwenyeji huyo ndiye atakayekitumia kuingia wilayani moja kwa moja. Kama kuna mtu atakayefaidika haraka kuliko wote, ni yeye.

"Chuo kikuu kipo Mbarara, waende wakasome."

Chuo hicho, MUST, ni fahari yetu tangu 1989, na kitivo chake cha kompyuta kimetoa watu wa maana. Barabara kutoka Base Camp, hapa Nakivale, hadi pale ni kama kilomita 60. Umbali wa kweli ni mwingine: karo, chumba mjini, na diploma ya Kifaransa inayopaswa kutafsiriwa na kulinganishwa na mitihani ya UNEB, bodi ya mitihani ya Uganda, kabla ya fomu kupokelewa. Ufadhili wa DAFI, ambao Ujerumani imeusaidia tangu 1992, umewavusha wengi duniani, lakini nafasi ni chache na waombaji ni umati. Na anayeanza kama mwanagenzi hajafungiwa chuo. Ningependa siku moja MUST walifungue daftari la kazi la miaka miwili na kumhesabia mwenye daftari hilo kuwa amekwisha kupita masomo kadhaa ya vitendo.

Yule kijana hatukumalizia barua yake ya maombi siku ile. Nilimwambia tuanze na nyingine: tuandike ile ambayo shirika lilipaswa kumpa. Tulikaa mezani kwangu hadi giza likaingia, taa ya sola ikichukua zamu. Aliikumbuka kazi moja baada ya nyingine. Mita 80 za waya, Machi. Kompyuta 14 zilizofufuliwa, na vipuri vilikotoka. Makarani tisa waliofundishwa kuweka nakala. Antena iliyogeuzwa nyuzi chache kuelekea mnara baada ya upepo. Mashine mbili zilizoungua, na faili zilizotoka salama. Ilifika kurasa mbili na nusu, nami nilimwambia apunguze, akakataa kupunguza.

Alipomaliza aliisoma yote kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma habari za mtu mwingine. Kisha akanionyesha nafasi tupu chini ya ukurasa wa mwisho, akauliza, "Mwalimu, sasa hapa atatia sahihi nani?"